Shavu la Mwenyekiti

Ubao wa duka lake pale Busia ulikuwa umeandikwa: BAISKELI NA SPEA. NYINGINE NZURI. Wasafiri waliokuwa wakielekea Uganda walisimama wakausoma, wakausoma tena, wakacheka, kisha wengi wao wakaingia kununua. Ukimuuliza ni zipi zisizo nzuri, alikuonyesha kwa kidole bila haya yoyote. "Hiyo pedali ni ya kubahatisha. Na hiyo tairi usichukue, mimi mwenyewe siwezi weka kwa baiskeli ya adui." Mimi nilikuwa nauza mafuta ya kujipaka kwenye kibanda kilichopakana na duka lake, na maneno hayo niliyasikia kila siku ya soko.

Jina lake halikutumika. Alikuwa Mwenyekiti, basi. Mwenyekiti wa umoja wetu wa wenye maduka na vibanda, kuanzia Busia mpaka Malaba. Madereva wa malori walimwita Mwenyekiti, mapadre walimwita Mwenyekiti, na mke wake pia, ingawa mke wake alilitamka kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani.

Wala usiniulize alizaliwa wapi. Mimi aliniambia ni Budalang'i, ndani ya mtumbwi, mafuriko yakiwa yamefika madirishani. Muuza miavuli aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliambiwa Angurai. Madereva wa Malaba waliambiwa ni ndani ya behewa la treni, katikati ya stesheni mbili, na ndiyo maana hana kwao. Kila aliyeambiwa aliamini, kwa sababu alizisimulia habari hizo akikutazama usoni, kwa huzuni kidogo.

Maana huyu mtu tuliyemchagua atulindie ukweli alikuwa mwongo ambaye sijaona wa kumfikia. Aliwahi kutembea kwa miguu mpaka Jinja na kurudi, chai yake ikiwa bado vuguvugu. Aliwahi kumtengenezea padre mmoja baiskeli, padre akapanda nayo mlima bila kukanyaga pedali. Siku moja nilimchoka nikamwambia, "Mwenyekiti, wewe unageuza mbao za watu kwa sababu ya neno moja, na mdomo wako je?"

Hakukasirika. "Ubao unauza, Mama Mafuta," akasema. "Mimi hapa nauza nini? Mdomo yangu ni ya bure. Mtu anabeba ile anataka, ingine anaacha hapa."

Hilo la kugeuza mbao linahitaji maelezo. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru kila mwenye kibanda aliandikisha ubao. Watu walikuwa na furaha na rangi ilipatikana. Ukifika Malaba unakuta hoteli iliyoandika kwamba chakula chake kinashinda cha Afrika Mashariki nzima, na ndani yake kuna maharagwe ya jana. Kulikuwa na betri mpya zilizozimika kabla lori halijafika Tororo, na kulikuwa na chupa ya dawa iliyoponya malaria, sumu ya nyoka na ugomvi wa ndoa. Basi madereva wakaanza kuambiana wanunue ng'ambo, kwani huku Kenya watu wanajiandikia tu. Malori yaliyokuwa yakisimama yakaanza kupita yakitutimulia vumbi. Juu ya hayo, zikaja habari kwamba serikali itatuma mtu wa kukagua mabango yetu.

Mwenyekiti alituita nyuma ya duka lake, tukakaa juu ya tairi kuukuu. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa. "Huyo mtu akikuja kukagua mbao, atakagua na mifuko. Sisi tujikague wenyewe, mapema."

Tukakubaliana hivi. Atakayeandika neno kwenye ubao wake, neno hilo litajaribiwa na mmoja wetu, kwa mwili wake mwenyewe au nyumbani kwake. Likishindwa, hakuna faini na hakuna kufukuzwa. Mwenye ubao atachukua nyundo yake, aung'oe mbele ya watu na kuupigilia tena ukiwa umeelekea ukutani. Atauza kama kawaida, ila ubao utatazama ukuta mpaka atakapopata maneno mengine.

Unaweza kuona kama ni adhabu ndogo. Jaribu kuuza mchana kutwa chini ya mbao tupu, kila mteja akiuliza kulikoni, na wewe mwenyewe ndiye wa kueleza. Madereva walipiga honi kwa makusudi. "Boss, ubao yako imelala!" Watu walikuja kutoka Amukura kutazama mbao zilizogeuzwa, wakirudi nyumbani na vichekesho vya wiki nzima. Taratibu malori yakaanza kusimama tena.

Majaribio mengi aliyafanya Mwenyekiti mwenyewe, na aliyafanya kwa fujo. Muuza miavuli aliandika HAUPINDUKI KWA UPEPO WOWOTE. Mwenyekiti akangoja siku ya mvua ya mawe, akauchukua mwavuli mmoja akatoka nao barabarani huku sisi tukimtazama kutoka vibarazani. Alirudi ameushika mpini tu. Kitambaa kilikutwa baadaye kimenasa kwenye paa la kituo cha forodha. Muuza miavuli aligeuza ubao, akakaa siku kadhaa akiwaza, kisha akaandika WA KUZUIA JUA, NA MVUA YA KIASI. Akauza kuliko zamani.

Mara nyingine ilikuwa turubai la malori huko Malaba, lililosifiwa kwamba halipitishi maji hata tone. Mwenyekiti aliketi chini yake kwenye kiti cha mgeni, miguu ameikunja, akaamuru utingo wamwagie ndoo. Wakamwagia kwa moyo wao wote. Alitoka mkavu kabisa, akampa mwenye turubai mkono, na nadhani alihuzunika kidogo, kwani alikuwa amekwisha kuvaa koti la mvua ndani kwa ndani.

Hapo ndipo penye kasoro yake, nami siifichi. Alipenda kujitunza. Alikuwa mwoga wa baridi, wa sindano na wa mke wake. Na juu ya yote aliupenda uso wake. Alinyoa ndevu kila asubuhi akijitazama kwenye kioo cha baiskeli, na akimaliza alijigeuza huku na huku, shavu hili na lile, akipitisha kiganja. Akina mama wa sokoni walimsifu kwa utani, naye aliyapokea yote kama haki yake. Alikuwa na mashavu mazuri kweli, laini, yasiyo na alama hata moja. Hilo ni la kweli, ingawa ni yeye aliyekuwa akilisema zaidi.

Sasa nifike kwenye habari yangu.

Mume wangu alikuwa amefariki, akaniachia watoto na sufuria kubwa. Nilinunua simsim kutoka kwa wafanyabiashara wa Uganda, nikazikaanga, nikazisaga na kuzichemsha mpaka mafuta yapande juu. Wateja walikuja na vyombo vyao wenyewe, kama ilivyokuwa desturi, chupa ya soda, kopo, chochote, nikawapimia. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa shamba langu na mume wangu pia. Na ubao wangu ulisema: MAFUTA YA SIMSIM. HAYAMDHURU MTOTO YEYOTE.

Siku ya soko akaja mama mmoja kutoka Angurai, mke wa mfugaji, amebeba mtoto mgongoni na kopo mkononi. Alimfungua mtoto akamweka juu ya meza yangu, mbele ya wateja. Mashavu ya yule mtoto yalikuwa yamevimba yakatoka malengelenge, na macho yalikuwa yamekaribia kufunga.

"Wewe mama," akasema, wala hakupiga kelele. "Hii mafuta yako imeunguza mtoto yangu. Na ubao yako inasema haiunguzi."

Nilimwona yule mtoto, nikawaona wangu, nikaona na sufuria ikiwa imefunikwa na utando wa buibui. Nilijua kila kilichoingia katika mafuta yale, na bado moyo ulikuwa unaniuliza: una hakika?

Mwenyekiti alikuja akifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Kwanza alimtafutia yule mama mtu wa kumpeleka mtoto zahanati ya misheni kwa baiskeli. Kisha akanigeukia. "Mama Mafuta, leta nyundo."

"Hujajaribu hata! Utageuza ubao wangu kabla ya kujua?"

"Mtoto ameumia. Ubao inageuka kwanza, maneno nyuma."

Niliung'oa ubao wangu mwenyewe, nikaupigilia ukitazama ukuta, machozi yakinitoka kwa hasira. Nilimchukia. Nasema hivyo kwa kuwa nilimchukia kweli siku ile, nikimwona mtu anayejali sheria yake kuliko jirani yake. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona, na akina mama wawili walinirudishia mafuta waliyokwisha kulipia.

Mwenyekiti akaomba nimchotee mafuta kutoka kwenye sufuria. Akalichukua na lile kopo la mama wa Angurai. Mbele yetu sote akajipaka mafuta ya sufuria shavu la kulia, na ya kopo shavu la kushoto.

"Paka mkononi basi, Mwenyekiti," muuza miavuli akamwambia. "Si utajua tu?"

"Mtoto alipakwa mkono?" akauliza. "Alipakwa uso." Akarudi dukani kwake kuuza spea, huku mashavu yakimeta.

Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nilifika sokoni kabla ya wenye uji. Mwenyekiti alikuwa ameketi kibarazani kwake. Hakuwa amenyoa. Shavu la kulia lilikuwa kama siku zote. Shavu la kushoto lilikuwa limefura mpaka jicho likawa mstari, na ngozi ilikuwa imechubuka kama ya yule mtoto. Kioo cha baiskeli alikuwa amekigeuza kitazame ukuta.

"Mafuta yako ni safi," akaniambia kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia ambalo alikuwa ameanza kuzoea kwamba atazikwa nalo.

Yule mama alikuwa amelala misheni na mtoto wake. Mwenyekiti akaenda huko na kopo, nami nikamfuata. Alimkuta amekaa nje ya zahanati, akachuchumaa mbele yake ili wawe sawa. Akamwuliza kopo lile lilikuwa la nini kabla ya kuwa la mafuta. Mama akamtazama shavu, akaelewa kabla hajajibu. Lilikuwa la mume wake, alichanganyia dawa ya kupe ya kuoshea ng'ombe. Alikuwa ameliosha kwa sabuni na jivu, akalianika juani. Hapo akajifunika uso kwa leso. "Ni mimi, mzee. Ni mimi nimechoma mtoto."

"Hapana," Mwenyekiti akamwambia. "Wewe umeosha kopo. Hakuna mtu alikuambia hiyo dawa haitokangi. Hata huyu mama hakukuambia, na yeye ndiye anauza."

Nilidhani amekosea. Ndiyo kwanza nimetoka msalabani, na huyu ananirudisha! Njiani nikamkabili.

"Nimeshinda, Mwenyekiti. Sasa nigeuze ubao wangu."

"Mafuta imeshinda. Ubao bado."

"Umekosa nini ubao?"

"Inasema mtoto yeyote. Huyu wa Angurai ni mtoto ama si mtoto?"

"Lakini ni kopo!"

"Ulimpimia wewe. Ulinusa hiyo kopo? Ubao ilimwambia alete chupa safi?" Akasimama kwa sababu kuongea kulimuuma. "Wewe si mwongo, Mama Mafuta. Hiyo neno yeyote ndiyo kubwa. Wewe unajua watoto wote?"

Njia nzima mpaka sokoni nikawa nawaza juu ya makopo yote niliyowahi kuyajaza bila kuyainamia. Jioni hiyo nilinunua rangi. Ubao ulirudi ukisema: MAFUTA YA SIMSIM. TUNAPIKA HAPA. LETE CHUPA SAFI. Watu waliipenda hiyo ya tunapika hapa, kwa sababu walikuwa wanaisikia harufu wakisoma. Na kuanzia siku ile nikanusa kila chombo. Chenye harufu nilikirudisha, awe nani aliyekileta.

Mtoto akapona. Nilikuwa nimewaza sana siku nitakayomwona tena, nikiogopa nitakutana na alama usoni. Mama yake alimleta siku ya soko, amevaa kofia ya kufuma, mashavu yamejaa na hayana kitu. Alinipa chupa iliyooshwa mpaka ikawa inalia ukiigusa. "Eyalama," akasema, akimaanisha asante kwa Kiteso, na alikuwa anamtazama Mwenyekiti kule dukani zaidi kuliko mimi. Nilimpokea yule mtoto nikambusu shavu hili na lile, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza.

Shavu la Mwenyekiti halikurudi kama lilivyokuwa. Uvimbe ulikwisha, ikabaki alama nyeusi, imekunjamana, kubwa kama kiganja cha mtoto. Kioo alikirudisha mahali pake akaendelea kunyoa, ila alikuwa anajigeuza upande mmoja tu. Hakuwahi kulalamika kwangu hata mara moja. Mtu aliyekuwa akilia akichomwa na mwiba! Nami sikuwahi kumshukuru ipasavyo, maana kila nikianza aliniuliza bei ya simsim.

Miaka ile ya sitini ikielekea ukingoni alimwachia mwingine duka, akahamia Amukura na mke wake kufuga kuku. Ubao alikwenda nao. Nilimtembelea mchana mmoja nilipokuwa napeleka mafuta huko. Mke wake ndiye aliyenipokea. "Mwenyekiti yuko nyuma," akasema, kwa sauti ileile ya kumfukuza mbuzi. "Ameketi na wazee na ajon. Kama una kazi leo, usikae, hutaondoka."

Kwenye ukuta wa banda la kuku ulikuwapo ule ubao. Neno BAISKELI na neno SPEA yalikuwa yamefutwa, juu yake pakaandikwa KUKU. Yale mengine hayakuguswa.

Nilimkuta na wazee wenzake wamezunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Alikuwa amezeeka na kukonda, lakini amenyoa. Alinitambua kwa harufu kabla ya kunitazama, alivyodai. Nilikuwa nimeona kuku mmoja mwekundu aliyenipendeza, nikamwuliza kama anauzwa na kama anataga.

Uso wake ukabadilika mara moja, ukawa ule wa siku za soko. "Anauzwa. Lakini huyu anataga siku akipenda, halafu anakula yai yake mwenyewe. Chukua ule mweupe."

Nikamchukua mwekundu, kwa ukaidi, na pia kwa sababu nilijua sasa kila nilichokuwa nachukua. Tukamfunga miguu, nikampakata, nikakaa pamoja nao.

Mzee mmoja mgeni, ambaye nadhani alikuwa amekuja kwa mambo ya ukwe, alikuwa ametumbulia macho lile shavu kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza lilipatwa na nini. Mwenyekiti akautoa mrija mdomoni. Akaanza polepole, kwa ile huzuni yake kidogo. Budalang'i, mto Nzoia umefurika, mtumbwi mmoja umepinduka, mtoto mchanga yuko majini. Na mamba. Mamba alikuja kutoka upande wa kushoto, mdomo wazi. Mwenyekiti alimnyanyua mtoto juu kwa mkono mmoja na kumpiga mamba kofi kwa mwingine, na mamba kabla ya kuzama akampitishia meno shavuni. Mtoto hakulowa hata nywele.

Mgeni akamtazama yeye, akatazama shavu, akatikisa kichwa. "Mzee, hapana. Hiyo ni hadithi."

"Basi muulize huyu," Mwenyekiti akasema, akininyoshea mrija. "Mama Mafuta alikuwako. Yeye hadanganyi, ubao yake watu wanajua mpaka Malaba."

Wakanigeukia wote. Nikaliangalia lile shavu. Nikamkumbuka mtoto wa Angurai na kofia yake ya kufuma, ambaye sasa alikuwa akikimbiza ndama wa baba yake. Nikawakumbuka na wangu, waliokula na kuvaa kutoka kwenye sufuria ile miaka yote hii. Pale uani hapakuwa na kitu cha kuuzwa isipokuwa kuku, na wangu nilikuwa nimeshamlipia.

"Nilikuwako," nikamwambia mgeni. "Na huyu mzee anapunguza. Yule mamba alikuwa mkubwa zaidi."